Mzee Lusajo na Safari Aliyolala Nyuma ya Gari Lake

Tarehe 30 Septemba, Mzee Lusajo Mwakabungu anakabidhi funguo za gari la wagonjwa la kituo chetu cha afya hapa Kibondo, baada ya miaka thelathini na mitatu kazini. Alipangiwa huku mwaka 1992 akitokea Tukuyu, akaahidi kukaa miaka miwili tu. Kiha, lugha ya huku, amekijua vizuri, ingawa mpaka leo bado anakitamka kwa lafudhi ya Kinyakyusa.

Amewabeba akina mama wajawazito wasiohesabika, na watoto watatu wamezaliwa garini mwake. Mmoja, wa kijiji cha Gwarama, anaitwa Lusajo. Siku mtoto alipopewa jina hilo, mzee alitangaza mpaka sokoni.

Lakini safari tunayoisimulia zaidi ni ya Machi 2019. Asubuhi hiyo alilalamika kifua kinambana, akasema ni mihogo ya jana, akaomba dawa ya gesi. Sista Ernesta, muuguzi wetu, akamkatalia.

“Kaka Lusajo, una miaka hamsini na nne. Una presha, una sukari, unavuta sigara, na baba yako alikufa kwa moyo hajafika hamsini na tano. Kwa mtu kama wewe, kifua hakiitwi gesi mpaka kipimwe.”

Kipimo cha umeme wa moyo kilimuunga mkono Sista. Mzee akatafunishwa aspirini, akalazwa kwenye machela, rufaa Kigoma. Usukani nikapewa mimi, Crispin, dereva wa akiba. Tangu tunatoka getini alikuwa akinielekeza kutoka nyuma: “Punguza gia! Hapo kuna shimo, pita kushoto!” Sista akamwambia anyamaze. Alivumilia kama dakika mbili.

Tulipoipita Kasulu, akanyamaza mwenyewe. Hapo ndipo nilipoogopa. Kwenye kioo nilimwona Sista amemwinamia, jasho likimtoka mzee kama amemwagiwa maji. Nilikanyaga mafuta.

Tulifika akiwa hai. Daktari alisema mshipa wa moyo ulikuwa umeziba, na kwamba presha na sukari vikikutana na sigara, madhara huwa makubwa, tena huja haraka. Alilazwa siku kumi na moja.

Alirudi amepungua, sigara ameziacha, na usumbufu umezidi. Akatuanzishia madereva wote kupima presha kila Jumatatu. Jumatatu ya kwanza wawili walikutwa nayo juu, na mmoja ni mimi. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na sikuwa nasikia lolote. Leo natumia dawa, niko salama.

Mzee Lusajo, asante kwa barabara zote ulizotufundisha. Mama Recho, asante kwa kutuazima mumeo muda mrefu namna hii. Huko Tukuyu mkapate afya, usingizi wa kutosha, na wajukuu wa kuwachosha.