Obdulia Tlaxcalteco, Mpigaji wa Saba

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Obdulia Tlaxcalteco anastaafu baada ya kulitumikia kundi letu la ngoma na marimba, Barro Hueco, kwa miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Miezi hiyo miwili ofisi iliisahau kwenye barua yake. Mimi siisahau.

Alikuja hapa mjini Xalapa mwaka 1994 kutoka mji wa Naolinco, akijua kuchomea nyaya za redio tu. Kundi lilikuwa na wapigaji sita, marimba mbili, na kanda moja ya sauti iliyonata kila unyevu ulipozidi, na hapa unyevu huzidi. Obdulia aliikausha kwa mashine yake ya kukaushia nywele. Tangu siku hiyo, kila sauti isiyotoka kwenye fimbo au kiganja cha mtu imepita mikononi mwake: maonyesho 1,112 na kompyuta nne, tatu tayari marehemu.

Wengi hudhani anabonyeza kitufe kisha anakunywa kahawa. Kahawa anakunywa, hilo kweli. Lakini katika utunzi mmoja wa dakika kumi na tisa anaingiza sauti mara 212, na haangalii saa, anaangalia mabega. Bega la mpiga ngoma kubwa likishuka, ngurumo ya Obdulia inapanda.

Mwaka 2011, onyesho la saa kumi alasiri, umeme ulikatika katikati ya utunzi huo huo. Obdulia alinyakua karai la mfagizi na sinia la bati la mkahawani, akapiga sehemu yake yote kwa mkono, bila kusoma nota, hadi mwisho. Mtunzi mwenyewe, aliyekaa safu ya tatu, alimkimbilia: “Doña Obdulia, hilo karai naliandika kwenye nota!” Akajibiwa, “Andika upesi, mwanangu, mwenyewe anataka kupiga deki.”

Pamoja na hayo yote, vijitabu vyetu vya maonyesho vimemtaja ukurasa wa mwisho, chini ya wakodisha viti: fundi umeme. Mimi natengeneza ala za kundi hili, nami ni fundi, wala sioni haya. Ila anayepiga muziki aitwe mpigaji. Kabla ya kustaafu aliomba jambo moja tu, jina lake liwekwe pamoja na wale sita. Mkurugenzi wetu, mwalimu Anselmo Barradas, alisema ukurasa umejaa. Nikaenda na rula. Zilibaki sentimita tatu na nusu, na jina linataka nusu sentimita.

“Crisóforo, wewe na rula yako mtanizika,” akaniambia.

“Nitapima vizuri, mwalimu.”

Akacheka, akatia sahihi. Fungueni ukurasa wa pili wa kijitabu mjionee.

Likabaki tatizo moja. Utunzi wa mwisho unaishia kwa sauti ya Obdulia peke yake, ikififia kwa sekunde arobaini, kwa hiyo hawezi kuacha mitambo yake iliyo nyuma ukumbini akawahi jukwaani kuinama mbele ya watazamaji na wenzake. Wapigaji wameamua wenyewe: watashuka na fimbo zao, watatembea hadi nyuma ya ukumbi na kuinama huko, saba kwa mstari. Watazamaji 240 itabidi wageuze shingo.

Doña Obdulia, ahsante kwa kila ngurumo. Tunakutakia afya, usingizi wa kutosha na siku njema huko Naolinco. Ijumaa usiharakishe, zihesabu sekunde zote arobaini. Kisha simama. Tutakuwa tumeshafika.