Bi. Ndinda Kyalo na Bei ya Leso

Ifikapo tarehe 31 Oktoba, Bi. Ndinda Kyalo atastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu, Kenga na Wanawe, kwa miaka ishirini na minane. Alianza katika duka la Malindi akipanga sufuria kwenye rafu, na anatuaga akiwa mkuu wa ununuzi wa maduka yetu yote. Kwa muda huo wote, kumkuta ametulia kitini ilikuwa ni bahati.

Alikuja pwani kutoka Makueni akimfuata mumewe, mpishi wa hoteli Watamu. Kiswahili chake cha bara kilituchekesha, hadi alipoanza kutushinda kukisema.

Kilichomkosesha raha ni bei. Kila aliposhika ndoo, feni au viatu vya shule, aliuliza vilitoka kiwandani kwa kiasi gani na nani aliviongezea bei njiani. Wengi tulimjibu kwamba bei ni bei. Jibu hilo halikumtosha hata siku moja.

Leso, zile kanga zenye maneno, ndizo zilizomfikisha pabaya. Zilichapwa India, zikashuka Mombasa, zikapita kwa wauzaji wa jumla wawili, kila mmoja akiongeza chake, kisha nasi tukaongeza chetu. Hadi mama wa kijijini Ngomeni aliponunua leso moja, alilipa karibu mara tatu ya bei ya kiwandani. Bi. Ndinda akamsihi mkurugenzi wetu, Bw. Phineas Kenga, tuagize wenyewe moja kwa moja. Mzee alisita sana, mwishowe akatoa fedha zilizotengwa kwa paa la duka la Kilifi.

Marobota yalipofika, Bi. Ndinda alikata kamba mwenyewe, sote tukiwa tumemzunguka. Maneno aliyoagiza yalikuwa "Mgeni wetu karibu." Mchapaji wa kule, asiyejua Kiswahili, alikuwa amepindua silabi, na kila leso ikasomeka: "Mgeni wetu kaburi." Wengine walicheka, lakini haikuwa kwa muda mrefu. Kiwanda kilikataa kuzipokea tena, kwani sampuli aliyoikubali Bi. Ndinda ilikuwa ya maua tu, maneno hakuwa ameomba kuyaona. Mzee aliingia ofisini akafunga mlango, na Bi. Ndinda akaketi juu ya robota.

Asubuhi yake alikwenda Junju kwa Bi. Jedida Thoya, fundi cherehani. Wawili hao wakakata ukanda wa maneno leso baada ya leso, wakashona vitambaa vya meza na magauni ya ufukweni. Hoteli za Watamu zikanunua vyote, na paa la Kilifi likaezekwa. Tulidhani atafurahi. Badala yake alirudi kutoka Watamu amekunja uso, maana alikuta kitambaa kile kile, tena kilichokatwa maneno, kikiuzwa katika duka la hoteli kwa bei ambayo mama wa Ngomeni asingeithubutu. Mzee alipotaka tuachane na leso tubaki na watalii, Bi. Ndinda alikataa katakata.

Shehena ya pili aliikagua herufi kwa herufi, kwa sampuli alizotumiwa, kabla haijapakiwa melini. Bei ikashuka, na wateja wakaja hadi kutoka Mtwapa. Kisha nauli ya meli ikapanda, shilingi ikadhoofika, na bei ikapanda tena. Tukaitwa wezi mbele ya watu. Bi. Ndinda akatundika ubao kando ya leso, ameandika fungu la kila mmoja katika bei: kiwanda, meli, ushuru, lori na, chini kabisa, duka letu.

Mzee aliuona, akamwita pale pale. "Ndinda, unataka watu waone hata tunachokula?"

"Bei wanaiona kila siku, Mzee," akamjibu. "Waone na sababu yake."

Mzee aliusoma ubao hadi mstari wa mwisho, akaondoka. Wiki iliyofuata fungu letu likapunguzwa. Ni kweli kwamba marupurupu yetu ya Disemba yalipungua pia, maana mishahara, kodi na bili ya stima hutoka katika fungu hilo hilo, na wapo waliomnunia hadi Pasaka. Yeye aliendelea kuwasalimia kila asubuhi.

Anaondoka wakati marobota mengine yako baharini, na hakuna ajuaye yatatua kwa bei gani. Hilo linamsumbua, ameuliza mara kadhaa nani atayapokea. Wala haendi kupumzika. Yeye na Bi. Jedida wamekodi chumba cha kushonea Junju, na tayari analalamikia bei ya uzi.

Bi. Ndinda, asante kwa kutusumbua. Mungu akupe afya, mikono isiyochoka na wateja wasiokuchosha. Siku utakayopita dukani kwetu utalipa kama watu wote, kwa kuwa tunajua ukipunguziwa wewe peke yako, utauliza ni nani aliyeongezewa.