Zulia la Gia Tano Limepauka

Jana Gia Tano, dereva wa lori, alikuja kututambia. Alitandika turubai mbele ya benchi letu, akakunjua juu yake zulia jipya la mkewe, akajibana katikati yetu na kutuagizia kahawa sote. Zulia la sufu, limefumwa kwa mkono na dada wa mtaa wa nyuma kwa michoro ya Kiajemi: ua kubwa katikati, ndege kila pembe. Mkewe alilichagua mwenyewe, rangi ya damu ya mzee, akawatangazia ndugu zake wote. Mara Gia Tano akatoa macho. Zulia limepauka kama kanga kuukuu!

— Mungu wangu, nimepewa jingine! Na mke wangu yuko njiani kuja kuliona. Leo nalala kwenye lori.

— Tulia, akasema Mkasi, kinyozi wetu. Nywele nazijua mimi. Huyo kondoo alitishwa kabla ya kunyolewa. Nywele zikishtuka, zinapauka.

— Jana lilikuwa jekundu!

— Taarifa zimechelewa kuzifikia.

Profesa, fundi redio aliyejipa cheo hicho mwenyewe, akakohoa.

— Kondoo hana kosa. Michoro ya Kiajemi haipendi jua. Ikipigwa jua, rangi inakimbilia ndani. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Uchi umeingiaje hapa? akauliza Mkasi.

— Taratibu, wewe kunywa kahawa.

Nami nikaona nitaachwaje nyuma?

— Mwangalieni yule ndege wa kushoto. Tangu tukae, amenenepa. Rangi kaimaliza yeye!

Tukamkazia macho, na haki ya Mungu, alikuwa amenenepa.

— Huyo naye nimmiminie kahawa? akauliza Mama Birika, muuza kahawa wetu.

Hatujamjibu, shemeji huyo, katokea ng'ambo ya barabara, kasimama upande wa pili wa zulia. Gia Tano akalia machozi kabisa.

— Nisamehe, mke wangu. Nitalirudisha, nitagombana na yule dada, lakini usikasirike. Limepauka!

Shemeji akalitazama zulia, akatutazama sisi.

— Limepauka wapi? Mbona damu ya mzee tupu! Kwani huku nilipo mmefika kuliangalia?

Profesa akawa anachungulia kikombe kitupu. Tungefikaje? Kwetu ukinyanyuka tu, nafasi yako imeshakaliwa.

Gia Tano akanyanyuka, akazunguka, akapiga yowe.

— Jekundu! Jamani, jekundu!

Tukamiminika sote, nusura tumkanyage Profesa. Kweli, ukilitazama kutoka huku zulia limeiva, kutoka kule limefifia.

— Nyuzi za sufu zimelalia upande mmoja, ndiyo maana, akasema Mkasi. Hata mimi nilijua.

— Ulijua nini wewe! tukamzomea.

Shemeji naye akazunguka mpaka kwenye benchi. Akaona ule wekundu uliofifia, laini, kama waridi. Akashika mdomo. Gia Tano akaacha kupumua.

— Uwii! Na hili nalo zuri! Mume wangu, umeniletea mawili?

Gia Tano akafuta machozi, akatoa kifua mbele.

— Nilitaka nikushtukize.