Pilipili Manga Ndani ya Glasi

Asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristu. Haya, pande zote nimeshasalimia, asije mtu akasema nimembagua.

Akina mama wenzangu, mnanijua, mimi ni yule wa kufungua mvinyo hotelini. Mvinyo wetu mwekundu unatoka kwa familia moja ya Ufaransa, baba, mama na binti, wana shamba lao la zabibu. Wanachanganya zabibu za aina tatu, na kila mwaka mchanganyiko unatoka na harufu yake. Kazi yangu ni kunusa kila chupa kabla mgeni hajaonja, maana nyingine huharibika njiani. Pua hii ndiyo inayosomesha wanangu.

Sasa, ndugu zangu, mwaka jana nikaugua homa, ikaondoka na pua yangu. Msicheke! Chai ikawa maji ya moto tu. Samaki, kama natafuna karatasi. Nikamnusa mwanangu mdogo utosini, sisikii kitu. Hapo ndipo nililia.

Nikamwambia meneja ukweli. Hakunifukuza, ila alinihamishia kwenye kufua mashuka, akasema mzigo mpya wa mvinyo ukifika na pua bado, nafasi yangu anampa mwingine. Nikajifungia ndani. Hata hapa kikundini niliacha kuja, mtakumbuka.

Yule binti wa Ufaransa akaja kututembelea. Kusikia habari zangu, akanifuata huko huko kwenye mashuka. Akaniambia baba yake naye aliwahi kupotelewa na pua. Mama yake akawa anamkalisha mezani kila asubuhi, anamsogezea glasi na kumtajia kila harufu mpaka ikarudi. "Usinuse peke yako," akasema. "Tafuta wa kukutajia."

Nani sasa? Mume wangu yuko barabarani na lori lake. Nikamweleza jirani yangu. Yumo humu ndani, simtaji, ila tazameni nani amejifunika uso kwa mtandio! Mama huyu ni swala tano, tone la pombe halijui. Lakini kila akimaliza kuswali alfajiri, huyo, anabisha hodi na sahani ya viungo.

"Fumba macho. Karafuu hii. Sema karafuu."

Nasema, sisikii kitu. Iliki, kimya. Nikimwambia basi dada, imetosha, anafoka: "Nyamaza! Mie nakutafutia riziki, ya chupa utajibu mwenyewe kwa Mola wako!"

Miezi ikapita. Siku moja tuko sokoni, upande wa samaki, nikasimama ghafla. Kuna kitu kinanuka! Matumbo ya samaki yamechacha. Watu wameziba pua, mie navuta pumzi na machozi yananitoka. Jirani akapiga kigelegele pale pale. Muuza samaki akadhani tumerukwa na akili.

Baada ya hapo ikarudi kidogo kidogo, karafuu kwanza. Mzigo ulipofika, meneja akanipa chupa. Nikaifungua. Nikanusa: zabibu mbivu, kuni, na nyuma kabisa, pilipili manga. Nikacheka, maana nilimsikia jirani kabisa: "Pilipili manga hii. Sema!"

Namshukuru Mungu, na meneja aliyenivumilia, na ile familia ya ng'ambo. Nawaambia, ukipotelewa na kitu usijifungie ndani, mfungulie mwenzio mlango.

Na wewe jirani, hebu toa mtandio usoni. Kesho alfajiri usije na sahani. Njoo mikono mitupu. Utakuta chai ya iliki jikoni, na harufu yake nitakuwa naisikia mwenyewe.