Namba Kumi na Nne na Mlango wa Nieuw Zorg

Tarehe 30 Juni 2023, Bwana Lennox Adonis, mkaguzi mkuu wa mbao, anastaafu baada ya miaka thelathini na saba katika kiwanda chetu hapa mdomoni mwa mto Essequibo. Nyundo yake ya chapa, namba 14, anayogongea kila ubao anaoupitisha, itasagwa uso isigonge tena na kuwekwa kabatini kama ilivyo desturi. Mimi nimekaa meza ya pili katika banda la ukaguzi kwa miaka kumi na tisa, ndiyo maana nimeangukiwa na kazi ya kuandika haya. Mwenyewe ameomba yawe mafupi na yasiwe na uongo.

Alianza mwaka 1986 kwenye msumeno mkubwa. Wiki ya kwanza alikuta gogo la grinhati, mti wetu mgumu na mzito, limefungwa mnyororo, akadhani ni kinga ya wezi, akaufungua ili kazi iende haraka. Grinhati ina hasira ndani yake. Ikipasuliwa bila kufungwa, nusu moja huruka huku na nyingine kule. Kipande kilitoka mbio, kikatoboa ukuta wa jiko na kutua katika sufuria ya pepapoti, mchuzi wa nyama wa Shangazi Claudette, mpishi wa kiwanda. "Nani ataiba gogo la tani tatu, wewe?" msimamizi akamuuliza. Hakuna aliyeumia, ila siku hiyo kiwanda kizima hakikula. Kwa mwaka mzima aliitwa Askari.

Mwaka 1992 alihamia ukaguzi. Wageni waliokuja kununua nguzo za gati aliwapokea kwa ndoo ya maji: alitumbukiza kipande cha grinhati, kikazama puu. "Hii haielei, bosi. Ukitaka cha kuelea, nunua chupa." Kila mfanyakazi mpya alikaguliwa viganja kila jioni, kwa sababu kibanzi cha mti huu kikibaki mwilini, jeraha huoza. Hudai pia kwamba hajawahi kuugua homa, kwa kuwa bibi yake, Mwarawaki wa wenyeji wa asili wa huku, alimnywesha maji machungu ya mbegu za grinhati. Daftari la mahudhurio linaonyesha siku mbili za homa, Machi 1998. Nimeambatanisha nakala.

Desturi moja aliianzisha mwenyewe. Kutoka kila oda alibakiza kipande, akakifunga waya na kukining'iniza chini ya gati letu, penye maji ya chumvi. Tulimcheka sana. Tulisema Mjomba Lennox anavua samaki kwa chambo cha mbao.

Agosti 2011 alivuta waya mmoja, kipande kikaja na matundu ya minyoo ya baharini. Kilitoka kwenye mbao za koka ya Nieuw Zorg, yaani mlango unaozuia bahari isiingie kijijini. Mnyoo haugusi kiini cha grinhati kirahisi hivyo, ila hula ubao wa nje ulio jirani na gome. Mbao zikilowa mvua, rangi zao hufanana kabisa. Mbao zile alizikagua masika ya 2009, zikiwa zinachuruzika maji, na hakuranda ukingo hata mmoja kuona rangi ya ndani. Chapa ilikuwa namba 14. Nyumba sitini zilikuwa chini ya usawa wa maji yakijaa, na bamvua kubwa ya Septemba ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Meneja wa wakati huo alifunga mlango wa ofisi. "Lennox, nani atajua?"

"Maji, bosi."

Alikwenda Nieuw Zorg kwa miguu. Bi. Drupattie Mangru, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa anaanika pilipili. Mjomba alivua kofia. "Mama, mlango wenu nimeukosea mimi."

"Sasa unataka nikushukuru au nikupige?"

"Vyovyote utakavyo, Mama. Ila kwanza nipe vipimo."

Gogo lililofaa lilikuwa moja tu kiwandani, na lilikuwa na mnunuzi wa ng'ambo. Meneja alikataa katakata. Kwa kanuni zetu, ubao usio na chapa hautoki getini. Basi Mjomba alifungia nyundo zote za chapa kabatini, ufunguo akautia mfukoni, akaketi. Alikaa siku mbili. Nilimletea chai, nami niliogopa, nakiri. Siku ya tatu meneja akasema lipasueni hilo gogo, mnanisumbua.

Tulilifunga minyororo miwili. Safari hii kila ubao uliachwa ukauke na kurandwa ukingo kabla ya kugongwa chapa. Mlango mpya uliwekwa siku mbili kabla ya bamvua. Wa zamani ulipolazwa juu ya tuta, Bi. Drupattie aliuchoma kwa ncha ya mwavuli, na mwavuli ukapenya hadi upande wa pili. Akauchomoa.

"Haya, nimeamua," alisema. "Nakushukuru."

Ubao mmoja wa mlango ule wa zamani umetundikwa ukutani bandani kwetu, chapa namba 14 ikionekana wazi. Kila mkaguzi mpya Mjomba humwonyesha na kumwambia, "Huyu aliyegonga hapa alikuwa na haraka." Jina hataji.

Tulipouliza atahamia wapi, tulitarajia kwa binti yake, mjini, ghorofa ya tatu. La hasha. Amejenga Nieuw Zorg, kiwanja cha kwanza nyuma ya koka. Nimekiona. Maji yakijaa, bahari huwa juu kuliko kitanda chake, na katikati hakuna kitu isipokuwa mbao alizozigonga mwenyewe.

Mjomba Lennox, kwa niaba ya kiwanda tunakushukuru. Waya zako tutaendelea kuzivuta. Tunakutakia maisha mema, na miguu mikavu.