Historia ya Teodulfo Marquina, Mshika Shoka wa Meli ya Pandanon

Baba Padri, mabaharia wenzake, majirani wa Cavite, na nyote mliokesha nasi kwa kahawa na karata, familia imemtuma binti mkubwa wa marehemu, Maridel, awasomee maisha ya baba yake.

Marehemu Teodulfo Marquina alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Virac, kisiwani Catanduanes, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Hilario na Bi. Purita, akasoma hapo hapo Virac hadi kumaliza sekondari mwaka 1974, na kwa kuwa mama yao alifariki mapema, ndiye aliyemlea mdogo wake Anacleto, akampikia, akamwogesha, na kumchapa ilipobidi.

Tarehe 2 Juni 1977 alijiunga na jeshi la wanamaji, na karibu utumishi wake wote aliutumia katika meli ya ugavi Pandanon, iliyopeleka mafuta, maji na mchele kwa boti za doria, kazi ambayo mabaharia wa doria waliidharau, wakiwaita wenzao wauza duka, mpaka matangi yao yalipokauka. Anacleto alimfuata jeshini, ila akachagua doria, na kila Pandanon ilipofika alipaza sauti, "Mwenye duka, leo sigara zipo?" naye marehemu akimjibu, "Zipo, lakini ni za watu wenye adabu."

Alifunga ndoa na Luzviminda Orbeta tarehe 21 Mei 1983 katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto watatu, Maridel, Jovito na Analyn.

Tarehe 9 Novemba 2003, magharibi ya Palawan, boti ya doria Tariktik ilizimika injini katikati ya kimbunga, Anacleto akiwa ndani yake, na Pandanon ikaenda kuivuta. Mabaharia mnajua kwamba kamba ya kuvutia huwekewa mtu mwenye shoka kila upande, kwenye chombo kinachovuta na kinachovutwa, akisubiri amri, na siku hiyo tezini, kule nyuma ya Pandanon, alisimama marehemu. Boti ilipojaa maji na kuanza kuizamisha Pandanon kwa nyuma, kapteni aliamuru kamba ikatwe, naye akaikata kwa pigo moja, mdogo wake akimwona. Tariktik ilipasuka kwenye miamba, wakafa mabaharia watatu, na Anacleto alipookolewa alimwambia kaka yake neno moja tu pale gatini, "Ungesubiri."

Uchunguzi ulimwona marehemu hana kosa, lakini nyumbani haikusaidia kitu, kwani Anacleto hakukanyaga tena kwake, na marehemu tangu hapo hakukata kamba yoyote, hata uzi wa gunia la mchele aliufungua fundo kwa fundo, mkewe akinung'unika jikoni, "Dolfo, maji yameshakauka huku."

Alistaafu mwaka 2012, na mwaka 2019 figo zikaanza kumsumbua, akawa anasafishwa damu kila wiki, na kila mlango wa wodi ulipofunguliwa aligeuza shingo, kisha akajifanya anatazama saa. Inauma kusema, lakini familia ilijua anamtazamia nani.

Jumapili tarehe 6 Februari 2022 Anacleto aliingia, akakaa kitandani kwa kaka yake, akasema, familia nzima ikisikia, "Kaka, upande wetu shoka nilikuwa nalo mimi. Kamanda aliniamuru nikate kwanza, tusiwazamishe na nyinyi. Nikakuona umesimama pale, mkono ukagoma. Kazi ilikuwa yangu, ukaifanya wewe, halafu nikakununia kwa sababu hiyo." Marehemu akamuuliza, "Umekula wewe?"

Alifariki Ijumaa tarehe 11 Februari alfajiri, akiwa na umri wa miaka 65, mkono wake ukiwa mkononi mwa Anacleto, akaacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na ndugu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika tambi siku zote hizi, mabaharia wa Pandanon na wa Tariktik, na zaidi ya wote familia za wale mabaharia watatu, ambazo Anacleto alizifuata nyumba kwa nyumba wiki hii kuzieleza alichomweleza kaka yake, nazo zimekuja, na zimeomba zibebe jeneza zenyewe.

Baba, sasa pumzika kwa amani.