Mama Kaimbishwa

Benchi la pale kona ya fundi viatu lina miguu mitatu na tofali moja, na tofali ndilo linaloaminika zaidi. Kila jioni, Birika, muuza kahawa, akishafika, utamkuta hapo Muhuri, karani mstaafu anayekohoa kabla ya kusema neno kana kwamba anafungua kikao, na Spika, fundi redio ambaye hajawahi kunong'ona. Jioni hiyo Randa, seremala, alikuwa kajibanza pembeni, kahawa imempoa mkononi. Alikuwa ametoka sinema. Mama yake ndiye aliyemtuma: "Kesho wakubwa wamenialika, nikae safu ya mbele. Nenda ukaitazame kwanza hiyo filamu yangu, uniambie navaa gauni la sherehe au la msiba."

— Haya, tupe habari, alianza Spika. Imetokaje?

— Mama anaimba.

— Anaimba?

— Anaimba, ndugu yangu! Anarusha mkoba juu, anazunguka, na makarani wanaitikia huku wanagonga mihuri mezani.

Muhuri alikohoa.

— Uongo mtupu. Muhuri wetu ulikuwa haugongwi ovyo. Wino wenyewe tulikuwa tunauomba kwa barua.

Kisa chenyewe kilichotolewa filamu, hapo kijiweni kila mtu anakijua kama njia ya kwao. Ofisi ya Nyumba ilimtoa mama yake Randa, mjane, nyumbani kwake kwa kosa la mpiga chapa. Mama akaeleza dirisha hili, akaeleza dirisha lile, mpaka maelezo yakamwishia. Siku iliyofuata akaja, akakaa kwenye korido, ufunguo mapajani, akanyamaza. "Una shida gani, mama?" Kimya. Karani wa kwanza akaanza kujitetea bila kuulizwa. Wa pili akamtaja wa kwanza. Mwishowe mkurugenzi mwenyewe akatoka kueleza utaratibu, akaueleza mno, mpaka akajikuta amekiri kosa mbele ya watu. Nyumba ikarudi.

— Na mimi nilikuwepo, alisema Muhuri, kifua mbele. Dirisha la tatu. Nilikiri mapema kuliko wote.

— Hilo tumelisikia, Bwana Mkubwa, alisema Spika. Swali ni kwa nini wamwimbishe.

— Rahisi, alijibu Muhuri. Kimya hakipitishwi na kamati ya filamu. Utakijadili vipi? Utakisahihisha wapi? Wimbo una beti, kila mjumbe anakata mstari mmoja, anarudi nyumbani ameridhika.

— Wapi! Hii ni njama ya wauza spika. Filamu kimya ikipendwa, sisi mafundi tutakula nini?

Birika, ambaye huwa anasubiri wengine wachoke, aliinamisha birika taratibu.

— Nyie hamjaona mbali. Kesho safu ya mbele ni wakubwa watupu, sawa? Taa zimezimwa. Mama anatokea pale, mkubwa kama ukuta, ananyamaza, anawatazama. Mnadhani atabaki nani hajakiri? Mpaka kufika mapumziko, serikali nzima imeshajieleza! Ndiyo maana wameweka ngoma.

Wakacheka mpaka tofali likasogea. Randa naye alicheka kidogo, ila moyo ulimchoma. Yule mwanamke anayerukaruka kwenye skrini hakuwa mama yake. Mama yake alikuwa ameishinda ofisi nzima akiwa amekaa.

— Na stendi je? aliuliza. Nusu ya filamu iko kituo cha mabasi. Abiria wanacheza, kondakta anapiga filimbi. Mama alikaa korido! Mabasi yametoka wapi?

Spika alijipiga kofi kwenye paji la uso.

— Mungu wangu! Kituo!

— Kituo nini?

— Si niliigiza askari wa mlangoni, kwenye ule mchezo wa jukwaani alioutunga mwalimu kuhusu Mama, huohuo waliotolea filamu? Kila Mama aliponyamaza, mwalimu aliandika kwenye mabano: kituo. Yaani tulia, subiri. Ukumbi mzima ulikuwa unaacha kupumua! Hawa wamesoma "kituo", wakajenga stendi.

Kabla mtu hajacheka, Muhuri alisimama ghafla, kofia mkononi. Mama alikuwa amefika, mkoba begani.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Nimemsubiri mjumbe wangu nikachoka. Haya, baba, nikoje humo?

— Unaimba, mama, alisema Randa, macho chini.

— Vizuri?

— Sauti ipo.

Mama alikaa upande wa tofali. Akauweka mkoba mapajani, akawatazama mmoja mmoja.

— Na pale niliponyamaza, wameweka nini?

Birika aliyekuwa anagonganisha vikombe aliviacha. Fundi viatu alishusha nyundo. Mama hakuongeza neno. Aliketi tu, mgongo umenyooka, na Randa akamwona kama walivyomwona wale wa korido. Akajua hakuna filamu itakayoweza kumpunguza huyu.

Muhuri ndiye aliyeshindwa kwanza.

— Mama, lile faili... kwa kweli niliwahi kulikalia wiki nzima...

— Hilo ulishakiri, mwanangu, alisema mama, akainuka. Randa, nipigie pasi gauni la sherehe. Kesho nakaa mbele.